Kabla ya Mota, Pima Betri

Mvuvi wa Kiambere anayefikiria kuiwekea mashua yake mota ya umeme huanza karibu kila mara na swali la nguvu: ipi itanifikisha haraka? Muuzaji hulipenda swali hilo, maana jibu lake ni mota kubwa zaidi kwa bei kubwa zaidi. Ninavyoona mimi, hesabu hiyo imeanzia mkiani. Kwa mabwawa tuliyo nayo Ukambani, mota ndiyo inayohitaji kuumiza kichwa kidogo kuliko vifaa vyote. Faida au hasara huamuliwa na betri, na betri huamuliwa na mwendo ambao mvuvi yuko radhi kwenda. Anayekubali kwenda polepole atapata chombo cha kazi cha miaka mingi. Asiyekubali na abaki na kasia lake, au anunue mashine ya petroli akijua anacholipia.

Tuanze na maji yenyewe. Bwawa la Kiambere lilikamilika mwaka 1988, likiwa la mwisho katika mlolongo wa mabwawa ya umeme kwenye mto Tana, baada ya Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978) na Masinga (1981). Upande mmoja ni Embu, wa pili ni Kitui, na eneo lake likijaa ni kilomita za mraba 25 hivi. Linganisha na Ziwa Victoria lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000, ambako mvuvi wa sangara huenda mbali hadi nchi kavu isionekane, na ambako mashine ya nguvu za farasi 15 ni kitu cha kawaida. Bwawa letu ni bonde la mto lililofurika: jembamba, lenye vihori, na mvuvi wa ngege au kambale hutega nyavu zake karibu na kingo. Safari ni fupi. Hakuna mawimbi ya bahari. Adui mkubwa wa mpiga kasia ni upepo wa alasiri, na uchovu wa kurudi ukiwa na mzigo. Kwa kazi ya namna hiyo farasi mmoja anatosha, na mota ya kawaida ya volti 12 ni takriban farasi mmoja huyo.

Sasa fizikia, ambayo ndiyo nguzo ya hoja yangu yote. Mashua inayopasua maji bila kupanda juu yake hulipishwa vikali kila inapoongeza mwendo. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu inayohitajika hupanda karibu mara nane. Na kwa kuwa utafika kwa nusu ya muda, umeme unaotumika kwa kila kilomita hupanda karibu mara nne. Chukua mota yenye msukumo wa pauni 55, ambayo kwa kasi yote hula ampea 50 hivi. Mashua ya wastani kwenye maji tulivu itaenda kilomita 5 na nusu kwa saa. Ukiwa na betri yenye ampea-saa 80 za kutumika, utaendesha kwa saa 1 na dakika 36 na kufika kilomita 9 kabla haijaisha. Punguza mwendo hadi kilomita 4 kwa saa, na mota itakula ampea 15 hadi 18. Betri ile ile sasa inakupa zaidi ya saa 4 na takriban kilomita 18. Umepoteza kilomita moja na nusu za kasi, ukajipatia umbali mara mbili. Tarakimu zitabadilika kulingana na umbo la mashua na uchafu ulioganda chini yake, lakini uwiano hautabadilika sana, na hakuna mota ya bei yoyote itakayouepa.

Hapo ndipo unapopaswa kuangalia mota inavyopunguza kasi, jambo ambalo matangazo hulipita harakaraka. Mota za bei ya chini zina hatua tano za kasi, na nyingi hupunguza mwendo kwa kuupitisha umeme kwenye nyaya zinazouzuia na kuugeuza joto. Unakwenda polepole, na sehemu ya betri yako inaishia kupasha maji ya Tana. Zile zisizo na hatua, ambazo mkono wake huzungushwa taratibu kama wa pikipiki, hukata umeme kwa mapigo mafupi na hupoteza kidogo sana. Kama hoja ya mwendo wa polepole imekuingia, basi nyongeza ya pesa inayostahili kulipwa kwenye mota ni hiyo peke yake. Usilipe zaidi kwa ajili ya mota iliyotengenezwa kuhimili maji ya chumvi. Bahari iko mbali na Mwingi.

Ukubwa wa msukumo hupatikana kwa hesabu ya mkono. Watengenezaji wengi hupendekeza angalau pauni 2 za msukumo kwa kila kilo 45 za uzito wote. Mashua ya mbao ya mita 5 ina kilo 250 hivi. Watu wawili kilo 140. Nyavu, samaki na barafu kilo 100. Betri, mota na vikorokoro kilo 40. Jumla ni kilo 530, yaani pauni 24. Hicho ni kiwango cha maji tulivu, na maji hayatakuwa tulivu saa tisa alasiri mwezi wa Agosti. Karibu uizidishe mara mbili, upate pauni 45 au 55, kisha usimame hapo. Kuanzia pauni 80 kwenda juu mota huhitaji volti 24, maana yake betri mbili, na hesabu nzima ya gharama inapinduka.

Tuingie kwenye betri. Betri ya gari imeundwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe mara moja na altaneta. Bamba zake ni nyembamba. Ukiimaliza kila siku kwenye maji, itakufa baada ya miezi michache, hata kama ulinunua mpya. Betri ya asidi ya kazi nzito, kama zile za sola za majumbani, huvumilia zaidi, lakini nayo haipendi kushushwa chini ya nusu. Ya ampea-saa 100 inakupa 50 tu za kutumika, ina uzito wa karibu kilo 30, na kwa matumizi ya kila siku hutarajiwa kudumu mizunguko 300 hadi 500. Betri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfati hutoa 80 au zaidi kati ya 100, ina kilo 12 hivi, na mizunguko yake huanzia 2,000. Mvuvi anayeingia majini siku 250 kwa mwaka atabadilisha ya asidi ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, na ya lithiamu baada ya miaka 8. Linganisha bei kwa kugawanya: shilingi ulizotoa, gawa kwa ampea-saa unazoweza kutumia, gawa tena kwa mizunguko. Betri inayoonekana ghali dukani mara nyingi hutokea kuwa ya bei nafuu. Na usishawishike na betri za bodaboda za umeme zinazoanza kuonekana mitaani: nyingi ni za volti 60 au 72, mara nyingi ni mali ya kampuni inayozikodisha, na zikiunganishwa na mota ya volti 12 zitaiunguza papo hapo.

Kufunga nyaya ndiko mafundi wengi wa jua kali wenye mikono mizuri wanakokosea, kwa sababu wamezoea taa na redio za nyumbani. Ampea 50 si mchezo. Waya wa milimita za mraba 6, ambao dukani utaambiwa ni mnene wa kutosha, ukitandazwa mita 3 kutoka katikati ya mashua hadi tezini na kurudi, utameza karibu volti 0.9 kati ya 12. Wa milimita 16 utameza theluthi moja ya volti. Tofauti hiyo ni msukumo ulioulipia na hutaupata, na zaidi ya hapo ni joto ndani ya chombo cha mbao. Weka breka ya ampea 50 au 60, kama mtengenezaji anavyoagiza, kwenye waya wa chanya, isizidi kiganja kimoja kutoka kwenye betri. Kazi yake inakuja siku rafadha inapokamatwa na wavu: mota iliyozuiwa kuzunguka huvuta umeme kupita kiasi, na kama hakuna kitu cha kuukata, waya ndio utakaokatika, kwa moto. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo la kubania, visisokotwe na kuviringishwa utepe. Baada ya kufunga, ifunge mashua kwa kamba ufuoni rafadha ikiwa ndani ya maji, endesha kwa kasi yote dakika 10, zima, kisha shika kila kiungo kwa vidole: cha betri, cha breka, cha mota. Kilicho vuguvugu kivumilie. Kinachochoma kifungue ukifunge upya, kwa maana kiungo hicho kimelegea au kina kutu, hata kama kwa macho kinang'aa. Rudia baada ya wiki ya kwanza, maana mitikisiko hulegeza nati.

Mahali pa kuifunga mota panategemea umbo la chombo. Mashua yenye tezi bapa haina shida: vibano viwili vya mota hukaa juu ya ubao, nawe uongeze kipande cha mbao ngumu ndani na nje ili ubao usichanike. Mtumbwi uliochongoka ncha zote mbili huhitaji fremu ya bomba inayolala kutoka ukingo hadi ukingo, mota ikining'inia ubavuni karibu na tezi. Uzito wa upande mmoja usawazishwe na betri upande wa pili. Betri ikae chini, katikati ya urefu wa chombo, ndani ya sanduku lililofungwa kwa mkanda. Urefu wa mhimili uupime chombo kikiwa na mzigo na kikiwa kitupu, kwani rafadha isipozama angalau sentimita 20 hadi 30 chini ya uso wa maji itavuta hewa na kupiga kelele bila kusukuma. Lakini usizidishe. Bonde lililofurishwa huweza kuficha miti, na maji yanaposhuka visiki hukaribia uso. Mota yenye kibano kinachoiruhusu kukunjika ikigonga ni bora kuliko iliyokazwa imara kama nguzo. Na pini ndogo ya rafadha, iliyowekwa ikatike ili mota isiharibike, beba tatu za akiba pamoja na koleo. Wakati wa kutega na kuvua nyavu, mota inyanyuliwe juu kabisa. Uzi mmoja wa wavu ukijisokota nyuma ya rafadha hula mpira unaozuia maji, na maji yakiingia ndani ya kichwa cha mota hayatangazi, utayajua imeshakufa. Kila Jumamosi fungua nati ya rafadha, itoe, uondoe nyuzi zote, uirudishe. Ni kazi ya dakika 5.

Jua tunalo, ila si mwaka mzima kama wageni wanavyodhani. Paneli ya wati 200 kwa saa 5 za jua kali, ukitoa upotevu, hukupa wati-saa 750 hivi, nayo betri ya lithiamu iliyotumika hadi 80 kati ya 100 inadai zaidi ya 1,000. Na kila mkazi wa Kitui na Makueni anayajua yale mawingu ya Juni hadi Agosti yanayofunika siku nzima bila kuangusha hata tone. Kwa hiyo anza na wati 300, na kidhibiti cha chaji kilichopangwa kwa lithiamu, volti 14.2 hadi 14.6, na ile hatua ya kusawazisha inayotumiwa kwa betri za asidi ikiwa imezimwa. Betri ya asidi isichajiwe chumbani watu wanamolala, maana hutoa gesi inayolipuka. Ya lithiamu isichajiwe ikiwa juani ndani ya sanduku jeusi. Joto la zaidi ya nyuzi 45 huila.

Wapo watakaosema kasia ni la bure, na ni kweli. Kama nyavu zako ziko mita 500 kutoka unapotia nanga, usinunue kitu chochote. Makala haya hayakuhusu. Mota huanza kuwa na maana pale safari ya kwenda na kurudi inapozidi kilomita 3 au 4, au pale upepo unapokufanya uache nyavu majini hadi kesho yake, samaki waanze kuharibika wakiwa wamenasa. Faida unayoitafuta iko kwenye hao samaki, na kwenye kufika ufuoni kabla mnunuzi wa pikipiki hajaondoka. Ikiwa huna uhakika, hesabu kwa mwezi mmoja samaki uliowatupa kwa kuchelewa. Hesabu hiyo ni bora kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Pingamizi la petroli ni zito zaidi, na sitalipuuza. Lita moja ya petroli ina takriban kilowati-saa 9, na hata mashine ndogo inayopoteza sehemu kubwa ya hizo bado itatoa kazi kubwa kuliko betri nzima ya ampea-saa 100, ambayo kwa ujumla ina kilowati-saa 1.3 tu. Kwa umbali na kasi petroli imeshinda, na anayekuambia vinginevyo anakudanganya. Lakini rudi kwenye ukubwa wa bwawa. Mashine ndogo ikitumia lita 2 kwa siku, siku 250, ni lita 500. Tukichukulia shilingi 180 kwa lita, ni shilingi 90,000 kwa mwaka, kabla ya oili na plagi, na bei ya lita haiko mikononi mwako: mwishoni mwa 2023 ilipita shilingi 217 jijini Nairobi. Kuna pia jambo la maji yenyewe. Mji wa Mwingi na vijiji njiani hunywa maji yatokayo Kiambere, na mji wa Kitui hunywa ya Masinga. Oili inayovuja kwenye mashua kumi haitamuua mtu, ila sioni sababu ya kuimimina kwenye kisima cha watu wakati kazi yenyewe ni ya farasi mmoja.

Mtu atauliza pia kuhusu viboko na mamba: nikikutana nao, mota ya polepole itaniokoaje? Haitakuokoa. Kiboko majini hufikia kilomita 8 kwa saa kwa mbio fupi, nawe una 5. Tena ukimya wa mota hii, unaosifiwa sana, una hatari yake: unaweza kumfikia mnyama kabla hajajua uko karibu, na kiboko aliyeshtuka ndiye mbaya zaidi. Piga ubavu wa mashua kwa kasia unapokaribia vihori vyenye majani, na uwaache mbali asubuhi na magharibi. Makasia mawili yabaki ndani ya chombo siku zote, na kila mtu avae jaketi la kuelea, kwa sababu mota humfikisha mtu mahali ambapo mikono peke yake isingemfikisha. Hasa jihadhari na ukuta wa bwawa na milango ya maji ya mitambo. Huko hakuna samaki wa kukufaa, na mota ikizimika, mvutano wa maji hautakungoja ubadilishe pini.

Wizi unatatulika kwa kubeba. Mota ya kilo 10 na betri ya kilo 12 zinarudi nyumbani kila jioni, na hapo lithiamu inaonyesha tena thamani yake, kwa sababu ufuo wa Kiambere hauna mahali pamoja. KenGen inapoyatoa maji kuzalisha umeme na mvua za vuli zikikosa kuja, ukingo hurudi nyuma, nawe unapanda tope na mawe na mzigo begani. Hakuna atakayebeba betri ya kilo 30 hivyo mwaka mzima. Ataiacha ndani ya mashua mara moja, na mara hiyo moja inatosha.

Gharama ya kuanzia bado ni kubwa kwa mvuvi mmoja, na sidhani inafaa kukopa peke yako. Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria zipo kampuni zinazokodisha mota na betri kwa wavuvi, lakini biashara hiyo inategemea mashua nyingi kwenye ufuo mmoja, jambo tusilo nalo. Kinachowezekana kwetu ni kikundi cha ufuo, BMU, kununua paneli na vidhibiti kwa pamoja na kuviweka juu ya banda moja lenye mlinzi, kila mvuvi akimiliki betri na mota yake. Betri isiwe ya pamoja. Kitu kinachokufa taratibu kulingana na anavyokitumia kila mtu huzaa ugomvi, maana hakuna atakayekiri kuwa yeye ndiye aliyeimaliza hadi sifuri. Kabla ya yote, mashua iwe imesajiliwa na leseni ya uvuvi iko hai. Afisa wa uvuvi wa kaunti aambiwe kuwa chombo kimebadilishwa kutoka kasia kuwa mota, ili siku ya ukaguzi pasiwe na maneno.

Wasomaji wa Makueni watasema haya yote ni ya Kitui. Mabwawa ya mchanga yaliyowapa sifa hayaelei mashua, ni kweli, lakini bwawa la Thwake, ambako mto Thwake unakutana na Athi mpakani mwa kaunti hizi mbili, limekuwa likijengwa tangu 2018: ukuta wa mita 80.5, maji ya mita za ujazo milioni 688. Litakapojaa litakuwa ziwa jipya kwa watu ambao hawajawahi kuwa wavuvi, na wauzaji wa mota watawahi kufika kuliko maafisa wa uvuvi. Kwa hao ushauri wangu ni kutonunua chochote mwaka wa kwanza. Kwanza isubiriwe taarifa ya maabara kuhusu samaki, kwa kuwa Athi hupokea uchafu wa Nairobi kabla ya kufika huko. Pia zizungukwe kingo zote kwa kasia maji yakiwa yamepungua, kila kisiki na kila mwamba uwekewe boya, kwani miti iliyoachwa bondeni ndiyo itakayoamua urefu wa mhimili wa kununua, na kama mota ifungwe tezini au ubavuni.